Istilahi za Neva na Maradhi Yake: Mwalimu Aanzie Wapi?

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikuwa tumeketi nyuma ya Darasa la Sita, katika shule moja ya msingi upande wa Migato, tukimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha Sayansi. Mada yake ilikuwa mfumo wa neva. Ubaoni alikuwa ameandika, kwa hati ya kupendeza, maneno kumi na manne: ubongo, serebramu, serebelamu, medula, uti wa mgongo, neva na mengineyo. Wanafunzi waliyasoma kwa pamoja mara tatu, wakayanakili madaftarini, kisha wakaulizwa maswali. Mtoto aliyetakiwa kutaja sehemu tatu za ubongo alizitaja pasipo kusita. Sisi tukajaza fomu ya tathmini, tukampa mwanachuo alama za juu.

Wakati wa mapumziko msichana mmoja wa darasa lile lile alianguka uwanjani. Mwili wake ulikakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka, na povu likamtoka mdomoni. Wenzake walitawanyika. Mmoja wao alipaza sauti kuonya kwamba atakayeguswa na mate yale naye ataanguka vivyo hivyo. Mwanachuo wetu alisimama mlangoni, chaki mkononi, asijue la kufanya. Hatuna budi kukiri kwamba sisi tuliokuwa tukimtathmini hatukuwa wepesi kuliko yeye. Aliyemkimbilia mtoto alikuwa mama mpishi wa shule. Alisogeza mawe yaliyokuwa karibu, akakunja kitenge chake akakiweka chini ya kichwa cha mtoto, akaketi kando yake bila kumbana viungo, na mwili ulipotulia akamlaza ubavu. Baadaye alitueleza kwamba mdogo wake alikuwa na hali hiyo, na muuguzi wa zahanati ndiye aliyemfundisha la kufanya.

Mama yule hakupata kulisikia neno serebramu. Watoto waliolisoma mara tatu asubuhi ile ndio waliokimbia. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: je, zile alama za juu tulizitoa kwa kazi gani?

Makala haya ni jibu letu kwa swali hilo, na twalitoa kwa ninyi wanachuo mnaojiandaa kwenda shuleni. Rai yetu ni hii: istilahi za mfumo wa neva na maradhi yake zisifundishwe kwa kuanzia kwenye orodha ya kitabu. Zifundishwe kwa kuanzia kwenye maneno ambayo mtoto anakuja nayo kutoka nyumbani. Maneno hayo yafunguliwe mbele ya darasa, ionekane ni nini yanachosema kweli na ni nini yanachokificha, ndipo istilahi ya kitabu iingie kuchukua mahali pake. Asiyefanya hivyo atakuwa amewapa watoto maneno mapya juu ya hofu za zamani.

Upungufu si wa maneno

Migato ni kata ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu. Kabla ya mkoa huo kuundwa mwaka 2012, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji wa ng'ombe. Mtoto wa huko aghalabu huanza kusema Kisukuma, kisha Kiswahili humjia sokoni, kanisani, redioni na shuleni. Kabla hajafika Darasa la Sita amekwisha kusikia habari za mtoto mchanga aliyeshikwa na degedege, za mzee aliyepooza upande mmoja, na za mbwa aliyeingia kichaa akauma watu. Kwa hiyo si kweli kwamba mada hii ni ngeni kwake. Ngeni kwake ni orodha yetu.

Wala haifai kusema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kisheria. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yapo. Lililobaki ni kazi ya mwalimu, nayo ni kuyapa maneno hayo maana katika akili ya mtoto. Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Sisi walimu hatuwezi kuishi kwa methali hiyo, kwa sababu kuambia maana ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Neno moja, kazi nne

Tuanze na neno mshipa. Katika Kiswahili cha kila siku neno hili hubeba mambo manne. Ni njia ya damu, ni neva, ni ukano unaounganisha msuli na mfupa, na tena ni ugonjwa wa kuvimba sehemu za siri za mwanamume. Mwalimu anaposema "mshipa wa fahamu" pasipo maelezo, mtoto huona mfereji wenye damu ndani yake, maana ndio mshipa aliouona mbuzi alipochinjwa. Nalo neno fahamu lina mzigo wake. Mtu aliyezimia husemwa kuwa amepoteza fahamu. Basi mtoto hudhani kwamba mishipa ya fahamu ni kitu kinachoweza kutoka mwilini na kurejea.

Mtu ataweza kuuliza kama jambo hili lina uzito wowote nje ya mtihani. Lina uzito wa uhai, na ugonjwa wa kichaa cha mbwa ndio ushahidi wake. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani huwa wameupata kwa kuumwa na mbwa. Virusi vyake huingia kwa mate ya mnyama kupitia jeraha, lakini havisafiri hadi ubongoni kwa njia ya damu kama watu wengi wanavyodhani. Hupita ndani ya neva, polepole, kutoka kwenye jeraha kuelekea uti wa mgongo na hatimaye ubongo. Aghalabu safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu; huweza kuwa fupi ya wiki moja au ndefu ya mwaka. Jeraha la usoni au kichwani ni la hatari zaidi kwa sababu njia ya kufika ubongoni ni fupi. Dalili zikisha kuonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Mtoto aliyeelewa kwamba neva si mshipa wa damu ataelewa pia kwa nini hakuna faida kufunga mguu kwa kamba ili "sumu isipande", na kwa nini jeraha linapaswa kuoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Ataelewa kwa nini mtu aliyeumwa jana na leo hana dalili yoyote bado anahitaji chanjo bila kuchelewa: virusi vimo njiani, na chanjo inashindana navyo mbio. Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister huko Ufaransa mwaka 1885, mtoto huyo alikuwa amekwisha kuumwa. Aliokolewa kwa sababu neva ni njia ya polepole. Katika nchi ya wafugaji iliyo jirani na Serengeti, ambako mbwa ni mlinzi wa kila zizi, somo hili haliwezi kuitwa la ziada. Mtoto akielewa hivyo ndiye atakayewashawishi wazazi wake wampeleke mbwa kuchanjwa, maana inapochanjwa sehemu ya 70 katika kila mia ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Kwa sababu hiyo twapendekeza neno neva litumike darasani kuwa istilahi kuu, na "mshipa wa fahamu" litajwe mara moja na kuelezwa, kwa kuwa mtoto atalikuta hospitalini na redioni. Tunajua wako wanaoliona neno neva kuwa la kigeni. Ni kweli lilikopwa. Lakini lina maana moja tu, na katika sayansi sifa hiyo ni kubwa kuliko asili ya neno. Hali kadhalika mwalimu atenganishe uti wa mgongo, yaani safu ya mifupa, na ile kamba laini ya neva inayopita ndani yake, ambayo baadhi ya vitabu huiita ugwe. Wengi huviita vyote viwili uti wa mgongo. Mtoto asipotenganishiwa atashindwa kuelewa kwa nini homa ya uti wa mgongo si maumivu ya mifupa, bali ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na ugwe huo.

Majina yaliyobeba hofu

Kundi la pili ni la majina ambayo ndani yake mna maelezo ya kale juu ya chanzo cha ugonjwa. Pepopunda limeundwa kwa pepo na punda. Degedege linafanana na dege, yaani ndege mkubwa, na katika sehemu za pwani watu wamesimulia kwamba ndege huyo au kivuli chake humpitia mtoto mchanga. Kichaa cha mbwa limebeba neno kichaa. Kifafa lina sauti ya kufa ndani yake, kana kwamba mtu anakufa kidogo na kurudi.

Majina haya si ya kudharauliwa. Aliyesema pepopunda alikuwa ameona mwili uliokakamaa na taya zilizofungana, na alitafuta neno la kulieleza jambo hilo la kutisha. Alichunguza vizuri dalili. Alichokosa ni kuona chanzo. Chanzo chake ni bakteria waishio udongoni na katika samadi, ambao huingia kwa kidonda au kwa kitovu cha mtoto mchanga, na sumu yao huvuruga neva zinazoiamuru misuli. Mtoto wa mfugaji anayetembea peku zizini anastahili kuyajua hayo. Mwalimu akilifungua neno hilo namna hiyo, jina linabaki na pepo anatoka.

Lakini jina lisipofunguliwa laweza kuua. Utafiti uliofanywa katika Wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi walioona degedege waliuhesabu kuwa ugonjwa wa mganga wa jadi, wakampeleka mtoto huko kwanza. Ilhali mtoto mwenye homa kali anayekakamaa na kurusha viungo huenda ana malaria iliyofika ubongoni, na kila saa inayopita inampunguzia nafasi ya kupona. Malaria hiyo mzazi aliijua vyema, na dawa yake aliijua. Jina ndilo lililoficha kwamba ni ugonjwa ule ule. Mwalimu anayesema "degedege ni imani potofu" na kufuta ubao hajamsaidia mtu. Inampasa aseme: degedege ni jina la dalili, ubongo wa mtoto umeshtushwa na homa, homa hiyo mara nyingi ni ya malaria, mpelekeni kituo cha afya sasa hivi.

Mfano wa kupooza

Kundi la tatu ni la maneno mapana mno. Kupooza ni neno zuri na la wazi, lakini linakusanya mambo yasiyofanana. Mzee aliyelala mzima akaamka mkono na mguu wa upande mmoja haumtii amepatwa na kiharusi: mshipa wa damu ubongoni umeziba au umepasuka, na kwa kuwa neva hukatizana njiani, ubongo wa upande wa kulia unapoumia ni mwili wa kushoto unaolegea. Mtu ambaye utotoni alipata homa na mguu wake mmoja ukabaki mwembamba na mlegevu huenda aliugua polio, ambayo huharibu seli za neva ndani ya ugwe. Mtu huyo ni ushuhuda wa siku zilizopita, maana virusi vya asili vya polio vilitangazwa kutokomezwa katika kanda ya Afrika mwaka 2020, kwa nguvu ya chanjo.

Kuna na mfano wa tatu, nao ulitokea jirani. Mwaka 1985, wakati wa ukame, huko Tarime katika Mkoa wa Mara, watu walianza kupooza miguu yote miwili kwa ghafla. Miguu haikulegea, ilikakamaa, wagonjwa wakatembea kwa kukokota vidole au wakashindwa kutembea kabisa. Madaktari waliochunguza, akiwamo William Howlett, waliutambua kuwa ni ugonjwa ambao ulikwisha kuelezwa huko Kongo tangu mwaka 1938, na ambao Wayaka wa huko huuita konzo, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Chanzo chake ni mihogo michungu iliyoliwa kabla haijaondolewa sumu, katika njaa iliyokosesha watu chakula kingine cha kujenga mwili. Akina mama walijua kuivundika na kuianika mihogo. Njaa ndiyo iliyowaharakisha.

Tazama basi: kupooza kwa upande mmoja, kupooza kwa mguu mlegevu, kupooza kwa miguu miwili iliyokakamaa. Moja hutibiwa upesi hospitalini, la pili huzuiwa kwa chanjo, la tatu huzuiwa jikoni. Kama neno ni moja na watu wanaishia kwenye neno, basi wataishia kusema kwamba mtu "amepigwa na kitu". Mwalimu awazoeze wanafunzi kuuliza maswali matatu kila walisikiapo neno hili: amepooza wapi, ameanza lini, na kiungo kimelegea au kimekakamaa? Mtoto anayeuliza hivyo ameanza kufikiri kisayansi, hata kama hajalitaja neno moja gumu.

Tungependa kuongeza hapa neno mtindio wa ubongo. Hutumika kwa mtoto ambaye ubongo wake uliumia kabla au wakati wa kuzaliwa, naye akabaki na viungo vigumu na usemi wa taabu. Lakini hutumika pia kwa mtoto mzito wa kuelewa. Mchanganyiko huu umewafungia nje ya shule watoto wengi ambao akili zao ni timamu, ila mikono na ulimi haviwatii. Ukimpata mtoto wa namna hiyo, usimhukumu kwa jina lake. Mwulize swali, umpe muda wa kujibu.

Kifafa darasani

Turudi sasa kwa yule msichana wa Migato. Ubongo hufanya kazi kwa seli kupelekeana ishara za umeme kwa zamu na kwa kipimo. Katika kifafa, seli nyingi hutoa ishara kwa wakati mmoja. Kwa mtoto wa mfugaji mfano ni rahisi: ng'ombe wa zizi zima wakitoka kwa utaratibu hufika malishoni, wakitimka wote kwa pamoja kwenye mlango mmoja, hakuna mchungaji anayesikilizwa. Baada ya muda mfupi hutulia. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa mate, kwa kugusana wala kwa kula pamoja.

Hofu ya mate si ya Migato pekee. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyefanya kazi Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wa kifafa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka jikoni, na watu waliokuwapo waliogopa kuwagusa. Alianzisha kliniki yao huko, na kwa dawa za kawaida wengi walipata nafuu kubwa. Mojawapo ya dawa hizo, fenobabitoni, imejulikana kuzuia kifafa tangu mwaka 1912, na ni ya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 kati ya kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kupewa dawa inavyotakiwa. Hata hivyo, katika nchi maskini takriban robo tatu yao hawapati matibabu. Kwa mtoto, zahanati inaweza kuwa karibu na bado ikawa mbali, iwapo darasa zima limemwambia kwamba ana laana.

Kila mwanachuo ayajue mambo haya kabla hajapewa darasa. Mtoto akianguka, ondoa vitu vya kumuumiza na umwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimbane viungo. Usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kijiti, si maji. Tazama saa. Mtikisiko ukiisha, mlaze ubavu, ukae naye mpaka azinduke, useme naye kwa upole. Ukizidi dakika tano, au ukirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali. Kisha, na hili ni la mwalimu hasa, arudi darasani na kuketi mahali pake pa kila siku. Na usimwite "yule wa kifafa". Ana jina, limo katika daftari la mahudhurio.

Majibu kwa wanaopinga

Baadhi ya wenzetu husema kwamba mtihani unauliza istilahi, hivyo tuwape wanafunzi istilahi. Nasi hatusemi zisitolewe. Twasema zije baada ya maana, kwani neno lililotanguliwa na maana hukumbukwa. Wengine husema maradhi ni kazi ya wauguzi. Lakini muuguzi hukutana na mtoto akisha kuugua, na mwalimu hukutana naye kila siku akiwa mzima. Wako pia wanaotaka maneno ya nyumbani, hasa ya Kisukuma, yasitamkwe darasani kwa sababu yataharibu Kiswahili au yataleta ushirikina. Twaona kinyume. Neno lililokatazwa haliondoki. Huendelea kufanya kazi chini ya dawati, mahali mwalimu asipoweza kulisahihisha. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Mficha maneno naye ana lake.

Hoja moja tunaikubali. Ni kweli kwamba mwalimu mgeni, asiyejua lugha ya mahali, aweza kuchokoza mambo ya familia au kumwaibisha mtoto. Ndiyo maana tunashauri kwamba maneno yakusanywe kwa jumla, asitajwe mtu, na mwalimu awaone kwanza walimu wenyeji na muuguzi wa zahanati.

Namna ya kuliendesha somo

Twapendekeza vipindi vitatu, kwa zana zisizohitaji fedha.

Kipindi cha kwanza ni cha kukusanya. Mwalimu achore ubaoni safu tatu: neno la nyumbani, neno la kitabu, na maana. Safu ya kwanza ijazwe na wanafunzi wenyewe, kwa Kisukuma au Kiswahili, bila neno lolote kuchekwa. Safu ya pili na ya tatu zibaki wazi. Uwazi huo utawafanya wangoje kipindi kijacho.

Kipindi cha pili ni cha kutenda. Wanafunzi 30 washikane mikono wafanye duara, wafumbe macho. Wa kwanza aubinye mkono wa jirani yake, naye apokee na kupeleka mbele, hadi mbinyo urudi kwa aliyeanza. Mwalimu apime kwa saa. Tuseme wametumia sekunde 9. Kwa hesabu ya kugawanya, kila mmoja ametumia sekunde 0.3 kupokea habari, kuipeleka ubongoni na kutoa amri mkononi. Kisha, wawili wawili, mmoja afumbe macho na mwenzake amguse kwa ncha za vijiti viwili vilivyokaribiana, kwanza kwenye ncha ya kidole, halafu mgongoni. Kidoleni atahisi ncha mbili. Mgongoni atadhani ni moja. Waulizwe kwa nini. Hapo ndipo neno neva liandikwe ubaoni, kwa kuwa sasa wana kitu cha kukiita kwa jina hilo.

Kipindi cha tatu ni cha kufungua majina. Mwalimu arudi kwenye safu tatu, achukue maneno machache tu, matano yanatosha, na kwa kila neno aulize: aliyelitunga aliona nini? Hakuweza kuona nini? Sisi tufanye nini? Amalizie kwa igizo la kumhudumia mwenzao aliyeanguka, kila mwanafunzi apate zamu ya kuwa mhudumu.

Na kipimo cha somo kisiwe "taja sehemu tatu za ubongo" pekee. Kiwe pia: "Mdogo wako ameumwa mguuni na mbwa asiyejulikana, na jeraha ni dogo. Eleza utakachofanya, na kwa nini." Jibu la swali hilo haliwezi kunakiliwa ubaoni.

Hitimisho

Tulirudi katika shule ile muhula uliofuata. Hatukumkuta mwanachuo wetu, kwa kuwa mazoezi yake yalikuwa yamekwisha, lakini mwalimu wa darasa alikuwa amemwomba mama mpishi aingie darasani na kuwaonyesha watoto namna alivyofanya siku ile. Alisimama mbele ya ubao na kitenge chake, akaonyesha, nao watoto wakarudia mmoja mmoja. Yule msichana alikuwamo, ameketi safu ya pili. Mwalimu aliandika neno moja tu ubaoni, kifafa, na chini yake watoto wakaandika wenyewe waliyoyaelewa.

Hatukuwa na fomu ya tathmini siku hiyo. Lakini kama tungekuwa nayo, tungejua sasa alama za juu zinakwenda wapi. Ninyi wanachuo mtakaotumwa Migato, au mahali pengine popote penye zahanati moja na maneno mengi, msiende na orodha peke yake. Nendeni na masikio.